Jinsi ya kuchora ukoo wako na kuzielewa BRCA na wenzake, jeni zinazozuia kansa ya titi

Chukua kalenda ya mwaka jana, zile kubwa za ukutani, igeuze upande mweupe, afu tafuta kalamu mbili za rangi tofauti. Tunaanzia hapo. Najua wengine mnataka kuruka moja kwa moja kwenye kipimo cha BRCA, kinapimwaje, bei gani, tutafika huko, ila mi nimekaa maabara miaka kadhaa na nakwambia kipimo cha jeni bila historia ya ukoo ni kama kupiga ramli, tofauti ni kwamba hii ramli ni ghali.

(Na kabla hatujaenda mbali, ni jeni, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, sio jini. Shangazi yangu mmoja nilipomwambia "kuna jeni tunarithishana" alitaka aniitie shehe.)

Kuchora

Wanawake chora duara, wanaume mraba. Anza na wewe chini katikati ya karatasi, pembeni weka ndugu zako wa kuzaliwa, juu baba na mama, pembeni yao ndugu zao wote, juu zaidi mababu na mabibi pande zote mbili. Vizazi vitatu vinatosha. Ukiwa na watoto washushe chini yako. Kwa kila mtu andika vitu vitatu tu: yuko hai au alishafariki, aliugua kansa gani kama aliugua, na AKIWA NA UMRI GANI ugonjwa ulipoonekana. Sio umri aliofariki, umri alioanza kuumwa, watu wanachanganya sana hapa na ndo namba muhimu kuliko zote kwenye karatasi nzima.

Wenye kansa wapake rangi. Wasio na kansa waache weupe.

Sasa shughuli ipo kwenye kuulizia. Ukienda kwa wazee wetu ukauliza "kwenye ukoo kuna mtu alikuwa na kansa?" jibu ni hapana, haijawahi kutokea, Mungu apishe mbali. Sio kwamba wanadanganya, kansa hawakuijua kwa jina hilo. Mi nilikwenda kwa bibi mdogo, yaani mdogo wake bibi mzaa baba, nikamkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."
"Marahaba mke mwenzangu, leo umenikumbuka."

Tukataniana weee, afu nikamuuliza hivi bibi mkubwa alifariki na nini. Akasema tumbo. Tumbo lilikuwaje? Lilijaa maji, wakawa wanamtoa maji hospitali, linajaa tena, na mwili umekwisha, watu wakasema katupiwa kitu. Nikanyamaza kidogo, manake tumbo kujaa maji kwa mwanamke ambaye hakuwa na ini bovu linanifanya niwaze kansa ya ovari, yaani kifuko cha mayai ya mwanamke. Sio uhakika, lakini linaandikwa. Nikauliza na yule mkubwa wenu wa kwanza? "Aa, yule alikuwa na jipu la ziwa, halikupona." Jipu la ziwa lisilopona. Haya.

Umri je? Hapo usiulize mwaka, uliza tukio. "Alianza kuumwa kabla ya Uhuru au baadaye?" "Aa baadaye, mwaka wa Azimio alikuwa kalala kitandani, tena kitinda mimba wake bado ananyonya." Azimio la Arusha ni 1967, mtoto ananyonya, basi mama hana zaidi ya miaka arobaini na kitu. Umeona? Uhuru 1961, Azimio 1967, vita vya Kagera 1978, hizo ndo kalenda za wazee, zitumie.

Halafu UPANDE WA BABA. Naandika kwa herufi kubwa makusudi. Dada yangu alipotoka kivimbe kwenye titi alipelekwa kliniki moja, aliyekuwa anajaza fomu akauliza "mama yako aliwahi kuwa na kansa ya titi? Mama zako wadogo?" Hapana. Tiki, wakapita. Hakuna aliyeuliza shangazi. Na shangazi yetu, dada wa baba toka nitoke, aliumwa titi na miaka 38. Kivimbe cha dada bahati nzuri kilikuwa faibroadenoma, uvimbe usio kansa, kitu cha kawaida tu kwa wasichana, lakini ile fomu iliondoka na nusu ya ukoo wetu haimo. Jeni hizi baba anazo sawa sawa na mama, na anampa mtoto wake nusu kwa nusu, awe wa kike au wa kiume. Kwa kuwa wanaume mara nyingi hawaugui zinapita kwao kimya kimya, mzee anatembea na kitu miaka themanini hajui.

Elewa hiyo jeni yenyewe, tumia doti ya kanga

Unajua kanga inauzwa doti, vipande viwili vinavyofanana, rangi moja na jina moja. Jeni zako nazo ziko hivyo, kila moja una doti, kipande kimoja umepewa na mama kingine na baba. Jeni zinazozuia kansa kazi yake ni kuzuia seli isizaane hovyo au kurekebisha DNA, yaani yale maandishi ya jeni ndani ya seli, ikiharibika. Kipande kimoja kikichanika, cha pili kinasitiri, seli inaendelea na maisha. Tatizo linakuja vyote viwili vikichanika ndani ya seli ile ile moja.

Wengi wetu tunazaliwa na doti nzima. Ili seli moja ya titi ipoteze vipande vyote viwili inabidi ipatwe na ajali mbili tofauti, na hiyo huchukua miaka mingi ndo maana kansa nyingi ni za uzeeni. Sasa aliyerithi hitilafu amezaliwa na kipande kimoja kimeshachanika tayari, tena kwenye KILA seli ya mwili wake. Anahitaji ajali moja tu. Ndo maana anaumwa na miaka 35 wakati mwingine anaumwa na 65. Wazo hili alilitoa Alfred Knudson mwaka 1971, alikuwa anachunguza kansa ya jicho ya watoto, akaona wanaoumwa macho yote mawili wanaanza mapema kuliko wa jicho moja, akapiga hesabu akasema hapa kuna mapigo mawili, wengine pigo la kwanza wamezaliwa nalo. Jeni yenyewe alikuwa hajaiona! Kwangu hiyo ni moja ya akili kubwa zilizowahi kutokea kwenye kansa.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "karithi kansa", mrekebishe. Karithi doti yenye kipande kibovu.

Kwa titi, jina linalotajwa zaidi ni BRCA1, ipo kromosomu ya 17 (kromosomu ni vifurushi vya DNA, vina namba). Mary-Claire King alionyesha mwaka 1990 kwamba kitu kinachorithiwa kwenye koo zenye kansa ya titi ya mapema kinakaa pale, na alifika hapo kwa kufuatilia koo, yaani kazi ile ile unayofanya nyuma ya kalenda. Jeni yenyewe ikapatikana 1994, BRCA2 ikafuata 1995 kwenye kromosomu ya 13. Zote mbili ni mafundi wa kurekebisha DNA iliyokatika pande zote, sio mkwaruzo, kukatika kabisa kama kamba. Seli inayojiandaa kugawanyika huwa imeshatoa kopi ya DNA yake, basi mafundi hawa wanaisoma ile kopi ndo wanajua pale palipokatika paliandikwa nini. BRCA2 kazi yake hasa ni kumleta fundi mwingine, RAD51, na kumpanga kwenye ncha iliyokatika. Wasipokuwepo, seli inaunganisha kienyeji, inakata hapa inabandika pale, maandishi yanapotea, na hayo makosa yakirundikana ndo njia ya kwenda kansa.

Kwa nini titi?

Hili swali naulizwa sana na nalipenda, kwa sababu jibu limo kwenye jinsi titi linavyokua.

Viungo vingi ukizaliwa navyo vimeshajengeka, vinabaki kuongezeka ukubwa. Titi sivyo. Mtoto mchanga ana vijifereji vichache tu nyuma ya chuchu, wa kike na wa kiume sawa. Linakaa hivyo miaka yote ya utoto. Akibalehe estrojeni, homoni ya kike, inapanda, ncha za ile mifereji zinavimba zinaanza kuchimba ndani ya mafuta ya titi kama mizizi ya mkoko, zinajigawa matawi, matawi yanajigawa tena. Ukuta wa mfereji una tabaka mbili, la ndani ndo litakalotoa maziwa, la nje lina seli zinazojikaza kuyasukuma. Kila mwezi hedhi ikija kunajengwa kidogo kunabomolewa kidogo. Akishika mimba homoni nyingine, projesteroni na prolaktini, zinaingia kazini, vifuko vya maziwa vinaota mwisho wa kila tawi, titi zima linageuka kiwanda. Afu anaachisha mtoto ziwa, na ndani ya wiki chache tu seli nyingi mno zinajiua kwa mpangilio, kiwanda kinavunjwa, titi linarudi karibu na lilivyokuwa. Mimba nyingine, kazi inaanza upya.

Yaani ni nyumba inayojengwa na kubomolewa maisha mazima. Na kila seli inapogawanyika DNA yote inanakiliwa, na palipo na kunakili pana kukatika. Kwa panya imeonekana BRCA1 inawashwa sana wakati wa kubalehe na wakati wa mimba, ndo muda mafundi wanahitajika. Mwaka 1999 watafiti walizima BRCA1 kwenye matiti ya panya tu (ukiizima mwili mzima mtoto wa panya anafia tumboni kwa mamaye), wakaona mifereji haikui vizuri, na baadaye sana zikaja kansa, na nyingi kati ya hizo p53 nayo, mlinzi nitakayemweleza sasa hivi, ilikuwa imeharibika. Mwaka 2009 kundi la watafiti wa Melbourne, Australia, likaangalia matiti ya wanawake wenye hitilafu ya BRCA1 ambao hawajaugua, wakakuta kuna seli changa za tabaka la ndani, zile ambazo bado hazijakomaa kuwa za maziwa, haziko kawaida. Kwa hiyo BRCA1 inaonekana ina kazi mbili, kushona DNA na kusaidia seli changa ikue ifike mwisho wake. Seli ambayo haikomai na DNA yake haishonwi, we mwenyewe fikiria.

Na ndo maana kansa nyingi za wenye BRCA1 ni tripo-negativu, hazina vipokezi (milango ya homoni kwenye seli) vya estrojeni wala vya projesteroni wala HER2, kipokezi kingine cha kukuza seli, ya kuzidi, na dawa za homoni hazizishiki.

Hiyo p53 niliyoitaja ni mlinzi. Seli ikiwa na DNA mbovu anaisimamisha, kaa hapa mpaka urekebishwe, ikishindikana anaiamuru ife. Jeni yake inaitwa TP53. Kwenye kansa za titi kwa jumla imeharibika kama theluthi moja, kwenye zile za tripo-negativu ni karibu 80 kwa kila 100, lakini hapo imeharibikia ndani ya uvimbe tu, hujazaliwa nayo. Kuirithi ikiwa mbovu ni nadra na ni kali, inaitwa sindromu ya Li-Fraumeni, kansa inaanza utotoni, misuli, ubongo, mifupa, na kwa wanawake titi mapema sana. Wakati sisi tuna doti moja ya TP53, tembo ana doti kama 20! Mwili ule wote na kansa wanapata kidogo. Ukimuona tembo Tarangire mheshimu na kwa hilo.

Wengine nawataja haraka: PALB2 ni rafiki wa BRCA2, anamshika mkono. PTEN anazuia ukuaji, akiharibika ni ugonjwa wa kurithi uitwao sindromu ya Cowden. CDH1 anagundisha seli zisiachane, huyu anahusika na kansa ya titi ya lobula (ya vile vifuko vya maziwa) na kansa ya tumbo la chakula. HER2 SIO wa kundi hili, watu wanamchanganya kwa sababu anaandikwa kwenye ripoti ya biopsi, yaani kipande cha uvimbe kilichokatwa kikapimwa, yeye ni mkandamiza mafuta, akizidi gari linakimbia.

Sasa soma mchoro wako

Kansa nyingi za titi hazirithiwi, zinazotokana na jeni za kurithi ni kama 5 mpaka 10 kwa kila 100. Kwa hiyo bibi mmoja aliyeumwa na miaka 70 peke yake usikimbie popote. Linalotakiwa likushtue: mtu kaumwa titi kabla ya miaka 50, au matiti yote mawili, au kuna kansa ya ovari popote, au MWANAUME kaumwa titi (nyingi huwa BRCA2), au tripo-negativu, au watu wawili watatu wa damu upande mmoja. Upande mmoja, usijumlishe wa baba na wa mama ukapata watatu.

Na usidhani ni mambo ya wazungu. Utafiti wa Nigeria uliotoka 2018 uliwapima wanawake zaidi ya 1,100 wenye kansa ya titi, karibu mmoja kati ya wanane alikuwa na hitilafu ya kurithi kwenye BRCA1, BRCA2, PALB2 au TP53.

Ukiona dalili hizo piga picha mchoro, nenda nao kwa daktari wa kansa, uweke mezani. Usisimulie, uweke mezani. Atasoma kwa dakika moja kile ambacho ungeeleza nusu saa.

Kupima

Wa kwanza kupimwa ni aliyeugua, kama yupo hai. Hapa watu wanakosea wanampeleka mzima kwanza, anaambiwa hana kitu, ukoo mzima unashangilia, kumbe haikujulikana tunatafuta nini, labda kwenye ukoo ule hitilafu ipo kwenye jeni ambayo haikupimwa. Aliyeugua akikutwa nayo, wengine wanapimwa ile ile sehemu moja na jibu lao linakuwa na maana, hata la "huna".

Inatolewa damu au mate. Uliza kabisa, hiki ni kipimo cha kurithi au cha uvimbe? Cha uvimbe kinaonyesha ajali zilizotokea ndani ya kansa, hakikwambii chochote cha uhakika kuhusu watoto wako. Uliza pia ni jeni ngapi zimo, na nani atakusomea majibu, manake kupewa karatasi mlangoni ukajisomee nyumbani ni ukatili.

Karatasi ikija usikimbilie neno "hitilafu". Majibu yana madaraja matano: ina madhara, inaelekea ina madhara, haijulikani maana yake, inaelekea haina madhara, haina madhara. La katikati ndo linaloliza watu. Linamaanisha wameona herufi tofauti kwenye jeni yako na hawana data ya kutosha kusema ni mbaya au ni tofauti tu kama ya sura. Sisi Waafrika tunalipata zaidi kwa sababu data nyingi zilizopo ni za wenye asili ya Ulaya. Halikatiwi titi hilo! Linawekwa faili, unarudi kuuliza kila baada ya mwaka au miwili kama limehamishwa daraja, mengi yakihamishwa yanakwenda kwenye kutokuwa na madhara.

Jibu likiwa kweli lina madhara, shika namba hizi: kwa BRCA1 kati ya wanawake 100, kama 72 watapata kansa ya titi mpaka kufika miaka 80, na 44 ya ovari. BRCA2 ni 69 na 17. Nyingi sana, lakini sio 100. Mwanaume wa BRCA2 titi ni kama 7 kwa 100, ila kwake mtazame zaidi tezi dume, PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, aanze kupima akifika 40.

Cha kufanya ni vya kuzungumza na daktari, kwa miongozo ya nje mwenye BRCA anaanza MRI ya matiti (picha ya sumaku, haina mionzi) kila mwaka akiwa na miaka 25, mamografia (eksirei ya matiti) inaongezwa akifika 30. Ovari na mirija inatolewa akishamaliza kuzaa, BRCA1 kati ya 35 na 40, BRCA2 inaweza kusubiri mpaka kati ya 40 na 45. Kutoa matiti yote kabla ya kuugua kunapunguza hatari kwa kama asilimia 90, ndo alichofanya Angelina Jolie, yule mwigizaji wa Marekani, 2013, lakini ni uamuzi wa mwenye mwili, sio wa shemeji wala wa kikao. MRI kila mwaka kwetu najua ni ndoto kwa wengi, basi angalau ultrasaundi na daktari kukushika matiti kila miezi sita, na usilale na kivimbe. Aliyerithi TP53 yeye akae mbali na mionzi inavyowezekana, kwake ni MRI.

Kwa aliyekwisha ugua jibu lina faida nyingine, dawa. Zipo zinazoitwa vizuizi vya PARP, kama olaparibu. PARP ni fundi wa michubuko midogo. Seli ya kansa imeshapoteza BRCA, ukimzuia PARP naye haina fundi hata mmoja, inakufa, wakati seli zako nyingine bado zina kile kipande kizima cha doti zinapona. Yaani ule udhaifu ulioleta kansa ndo unaoiua.

Kwetu aliyepimwa kwanza ni mtoto wa shangazi, ameugua na miaka 36. BRCA2, daraja la "ina madhara". Nikaenda kwa baba na kalenda, mzee wa miaka 71 mzima kabisa, akauliza mi mwanaume unanipima titi la nini, nikamwonyesha mstari unavyoshuka kutoka kwa mama yake kuja kwa dada yake na kwake. Akatoa damu. Anayo. Kwenye michoro hii mtu aliye nayo bila kuugua anawekewa nukta nyeusi katikati, basi nikaiweka kwenye mraba wake, yeye kakaa pembeni anaangalia. Dada yangu na mi tumeshatoa damu wiki iliyopita, duara zetu bado nyeupe.